Milimita au pikseli? Inategemea logo inaenda kukaa wapi

Mkuu, umeuliza unapofungua faili jipya la logo uanze na milimita au pikseli, na mteja umkabidhi faili la aina gani. Mimi nafanyia kazi hii Mwanjelwa, Mbeya, na kwa wateja wa huku nakushauri milimita. Logo zao zinaenda kwenye kiroba cha mchele, ubavuni mwa lori, kwenye muhuri na kwenye fulana, na vyote hivyo vinapimwa kwa rula. Pikseli ni kidoti cha kwenye kioo cha simu au kompyuta, haina urefu wake mpaka useme zinakaa ngapi kwenye inchi.

Nililijua hili kwa gharama. Miaka ya mwanzo nilimchorea mama mmoja anayefungasha mchele wa Kyela. Nilifungua ukurasa wa pikseli 500 kwa 500 kwenye programu ya kuhariri picha, nikamtumia JPEG, lile faili la picha ya kawaida. Kwenye simu ilipendeza. Baadaye akaitaka kwenye bango la kijani, logo peke yake upana wa mita 1.5. Piga hesabu: milimita 1,500 gawanya kwa 500, kila pikseli inakuwa na milimita 3. Suke la mpunga likawa na ngazi ngazi unazoweza kuzihesabu, na kwa kuwa JPEG haiwezi kuacha sehemu wazi, logo ikakaa ndani ya boksi jeupe. Mama akaliangalia bango kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mchele wangu ndio huu?" Nilichora upya na bango la pili nikalilipia mimi.

Tangu hapo nachora kwa vekta tu. Programu ya Inkscape ni ya bure, ukiwa na CorelDRAW au Illustrator sawa pia. Vekta inahifadhi umbo kwa hesabu za mistari, kwa hiyo unaikuza utakavyo na kingo zinabaki safi, hata kama ulianza na kipimo kipi.

Ila kipimo bado kinakugusa kwenye unene wa mistari. Nachora logo ikiwa na upana wa milimita 100. Mstari wa milimita 0.5 ukiupeleka kwenye muhuri wa milimita 20 unabaki na milimita 0.1, na hapo muhuri hautautoa. Kwa hiyo kabla sijamwonyesha mteja, naichapa kwenye karatasi ya kawaida kwa milimita 20 kamili na kuitazama. Kinachopotea nakiondoa na kutengeneza toleo jepesi la logo hiyohiyo. Na mistari yote igeuze kuwa maumbo, maana programu nyingine zikipunguza logo zinaacha unene wa mstari vilevile.

Jambo jingine, programu hazikubaliani kuhusu pikseli. Inkscape inahesabu 96 kwa inchi, Illustrator 72. Mraba wa pikseli 96 uliouchora kama inchi 1, kwenye Illustrator unaweza kufunguka ukiwa inchi 1 na theluthi. Ndiyo maana fundi wa kuchapa nampa PDF, ambayo inabeba ukubwa halisi, fonti zikiwa zimeshageuzwa maumbo. SVG, ambayo nayo ni faili la vekta, ni ya tovuti. Ya WhatsApp na Instagram ni PNG, faili la picha ya pikseli, isiyo na rangi nyuma, upana wa pikseli 2,000, na mtumie kama dokumenti ili isibanwe. Ukilazimika kuchapa kutoka PNG, chukua milimita, gawanya kwa 25.4 (milimita za inchi moja), zidisha kwa 300 (pikseli za kila inchi): milimita 100 zinahitaji pikseli 1,181.

Kuhusu rangi, kile kijani kinachowaka kwenye kioo wino nne za mashine haziwezi kukitoa. Omba kipande cha majaribio kwanza.

Sasa niambie, logo yako ni ya biashara gani, na mahali padogo kabisa itakapokaa ni milimita ngapi?