Jibu: Sakafu ya trela inabonyea karibu na mlango

Ndugu, umesema sakafu ya trela yako ya kambi inabonyea ukikanyaga karibu na mlango, na fundi wa Jinja anataka kupigilia plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani. Usikubali. Atafunika uozo tu, na maji yataendelea kula mbao chini kwa chini.

Kwanza ingia chini ya trela na bisibisi. Choma plaiwudi: ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, imeoza. Kama mbao ni ngumu lakini sakafu bado inashuka, kagua vyuma vya kukingama kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba trela. Kutu huanzia kwenye viungo vilivyochomelewa. (Pandisha trela juu ya magogo imara. Jeki peke yake hapana!)

Kisha tafuta maji yanakoingia. Mara nyingi ni mpira wa mlango au dirisha. Mwagia maji kwa mpira wa bustani, kuanzia chini ukipanda, mwenzako akiangalia ndani. Ziba hapo kabla ya kukata chochote, hasa kabla ya mvua za Machi hadi Mei.

Kata hadi ufikie mbao nzima, na kingo za kipande kipya zilale juu ya chuma. Mimi ningenunua plaiwudi ya marini (inayostahimili maji), milimita 18, pale Ndeeba, Kampala, nipake epoksi (gundi ngumu inayozuia maji) kingo zote na matundu ya skrubu. Vyuma vikiwa vimeliwa, mafundi wa vyuma wa Katwe, hukohuko Kampala, watakuchomelea vipya, ila mbao zitoke kwanza zisishike moto.