Kwa nini tunapiga kura kila Novemba hapa Minneapolis

Mpwa wangu, Novemba 2025 nilipochelewa kukupigia simu kwa sababu nilikuwa nimepitia kituo cha kupigia kura, uliniuliza maswali matatu kwa niaba ya wazee waliokuwa wameketi hapo nyumbani. Rais alichaguliwa mwaka uliotangulia, sasa tunachagua nini tena? Je, kura za huku haziibiwi? Na mbona binti yetu Huldah Momanyi Hiltsley, aliyeingia bungeni, hawasaidii vijana kupata viza? Nilikujibu kwa mkato, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, na majibu yale hayakuwa ya kweli kabisa.

Marekani haina tume moja ya uchaguzi kama IEBC yetu ya Kenya. Kila jimbo lina sheria zake. Hapa Minnesota msimamizi ni katibu wa jimbo, ambaye naye huchaguliwa kwa kura na ana chama chake, jambo ambalo kwetu lingezua maandamano. Kazi yenyewe hufanywa na kaunti na miji. Ndiyo maana mkazi wa Minneapolis alichagua gavana mwaka 2022, madiwani mwaka 2023, rais mwaka 2024 na meya mwaka 2025. Pamoja na meya na diwani wa wadi, tulichagua pia makamishna wa bodi ya bustani za jiji, bodi iliyoanzishwa mwaka 1883 na yenye mamlaka yake mbali na baraza la madiwani. Tangu mwaka 2009 wapiga kura wa jiji hili hupanga wagombea kwa kufuata upendeleo, wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mwaka 2013 wagombea wa umeya walifika 35. Sitakudanganya kwamba kuna aliyewafahamu wote.

Uchaguzi wa gavana ndio mzito zaidi. Ninyi hupewa karatasi sita za rangi sita. Mimi hupewa karatasi moja iliyochapishwa pande zote mbili, yenye gavana na naibu wake, mwanasheria mkuu, mkaguzi wa hesabu, wabunge, mkuu wa polisi wa kaunti, wajumbe wa bodi ya shule, kisha msururu wa majaji. Naam, majaji huchaguliwa kwa kura, kwa kipindi cha miaka sita, na wengi wao hawana mpinzani, kwa hiyo unakuta jina moja na chini yake mstari mtupu wa kuandika umtakaye. Nilipopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2018 nilijaza viduara vya majaji kwa kuvutiwa na majina tu, na hadi leo naona aibu, kwa kuwa mtu kutoka jamii yetu akishtakiwa, atasimama mbele ya mmoja wa hao, si mbele ya rais. Mtego mwingine ni mapendekezo ya kubadili katiba ya jimbo: ili yapite, lazima yaungwe mkono na zaidi ya nusu ya wote walioshiriki uchaguzi, kwa hiyo ukiacha nafasi hiyo wazi umehesabiwa kuwa umekataa.

Mwaka 2021, baada ya George Floyd kuuawa na polisi hapa mjini Mei 2020, tuliulizwa kama idara ya polisi ya jiji iondolewe na mahali pake pachukuliwe na idara mpya ya usalama wa umma. Wengi walikataa. Ndani ya nyumba yangu tuligawanyika: mimi nilikataa, shangazi yako akakubali, na kwa wiki nzima chai ilinywewa kimya kimya.

Siku yenyewe ya kupiga kura si sikukuu, ila sheria ya jimbo inamlazimu mwajiri kukuruhusu uende bila kukukata mshahara. Hakuna wino wa kidoleni, na polisi hawaruhusiwi kukaa kituoni mpaka waitwe. Aliyekwisha kuandikishwa kwa kawaida hutaja jina na anwani, kisha hutia sahihi. Asiyeandikishwa anaweza kuandikishwa siku ile ile, hata kwa kudhaminiwa na jirani anayepiga kura katika eneo hilo hilo.

Najua wazee watasema huo ni mlango wa wizi. Wizi mimi sijauona. Nilichokiona ni uzembe. Mwaka 2024, katika eneo la Shakopee, kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 14, na ikagundulika kwamba kura 20 zilizopigwa mapema zimepotea, huenda zilitupwa pamoja na bahasha zake. Baraza lilikuwa limegawanyika 67 kwa 67, hivyo kila chama kilikikodolea macho kiti hicho. Kesi ikaenda mahakamani, baadhi ya wapiga kura hao wakaeleza waliyempigia, na Januari 2025 jaji akaamua kwamba mshindi abaki. Sisi tulioshuhudia Mahakama ya Juu ya Kenya ikifuta uchaguzi wa rais Septemba 2017 hatukushangazwa na kesi. Tulishangazwa na karatasi kuishia kwenye takataka.

Kuhusu Huldah, tulifurahi mno alipochaguliwa mwaka 2024. Lakini ni mmoja kati ya wabunge 134 wa baraza la jimbo, na viza ni mambo ya serikali kuu ya Washington. Waambie wazee wasimpigie.

Binamu yako anayekuja na kibali cha ukaazi wa kudumu naye nimwonye mapema: kwa kuwa bado si raia, asijiandikishe kupiga kura, hata akibembelezwa na mwenye fomu mlangoni mwa duka. Ndugu mmoja hapa alitia sahihi akidhani ni fomu ya takwimu, na siku ya mahojiano ya uraia, ambapo huulizwa kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, ilimbidi aende na wakili. Binamu akifika nitakaa naye mezani, tupitie kila karatasi kabla hajaitia sahihi.