Usiku Ule Hukujipa Alama

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, mume, watoto watatu na kazi ya kuajiriwa. Mwanzoni mwa mwaka niliapa kwamba safari hii lazima niipate furaha. Nikanunua daftari zuri. Nikaanza kuamka saa kumi na nusu alfajiri ili nikae kimya dakika 20, nivute pumzi taratibu. Siku ya tatu kitindamimba wangu akatokea, akanikalia mapajani, akauliza, "Mama, unamsubiri nani?" Siku ya nne wakaja wawili. Nikahamia bafuni na kujifungia. Vidole vikapenyezwa chini ya mlango, na baba yao akaniuliza kwa nje soksi za shule ziko wapi. Daftari la shukrani nalo, ukurasa wa pili mume wangu kaandika namba ya fundi bomba, wa tatu kuna joka lenye miguu sita. Kila usiku najipa alama ya furaha, kati ya kumi. Sijawahi kuvuka nne. Wiki iliyopita yule mdogo alijikata nywele upande mmoja, usiku wa kuamkia siku ya kupigwa picha ya darasa. Tulicheka mpaka baba yao akakaa sakafuni. Lakini kesho yake nikarudi kwenye nne zangu. Wenzangu wanawezaje? Mimi nakosea wapi?
Mama wa Daftari

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hapo kwenye vidole. Mara ya pili nikakwama mahali ambapo wewe umepita haraka: mlicheka mpaka mwenzako miguu ikamwisha nguvu, akakaa chini. Usiku ule ulijipa ngapi? Hujaniandikia. Mimi naamini hukujipa kitu, maana daftari hukulikumbuka.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu umeniuliza unakosea wapi. Huna kosa la uvivu wala la kukosa shukrani. Umeichukua furaha ukaiweka kwenye orodha ya kazi za nyumbani, ikapanga foleni pamoja na sare za kupigwa pasi, na kila usiku unaikagua kama imekamilika. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Iris Mauss na wenzake walichapisha utafiti unaokuhusu kabisa. Wanawake kadhaa walipewa makala inayosifia umuhimu wa kuwa na furaha, kisha wakaonyeshwa kipande cha filamu ya kuchangamsha. Waliosoma sifa zile hawakuchangamka kama wenzao ambao hawakuzisoma. Kadiri mtu anavyoisubiri furaha kwa hamu ndivyo anavyoipima, na akiipima anaiona pungufu. Mtoto alipokuuliza unamsubiri nani, aliona kitu ambacho wewe ulikuwa hujakiona.

Na hizo nne zisikutie hatia. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wanaofanya kazi waisimulie siku ya jana, tukio baada ya tukio, na namna walivyojisikia katika kila tukio. Kuwahudumia watoto kulikuwa karibu na mwisho, jirani na kazi za nyumbani. Hao si mama wasiowapenda watoto wao. Ni kwamba kumvalisha viatu mtoto asiyetaka viatu, huku saa inakimbia, si jambo tamu kwa mtu yeyote, hata kama kwa huyo mtoto uko tayari kufa. Umeuliza wenzako wanawezaje. Hawawezi. Unachokiona ni picha zao, na picha hupigwa baada ya viatu kuvaliwa.

Sasa tuje kwenye lile ambalo naliona ni zito kuliko yote, nawe umelitaja kwa maneno machache tu. Soksi.

Mume wako alisimama nje ya bafu akauliza soksi ziko wapi. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu nyumba yenu ina mtu mmoja anayejua, na mtu huyo ni wewe. Unajua ziko wapi, zipi zimetoboka, nani zimeanza kumbana, na lini zitahitajika nyingine. Mwanasosholojia Allison Daminger alizungumza na wanandoa 35, na mwaka 2019 akaieleza kazi hii ya kichwani kwa hatua nne: kuona hitaji kabla halijafika, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua, kisha kufuatilia kama limetimia. Kuamua, wengi walikuwa wakiamua pamoja. Ile hatua ya kwanza na ya mwisho ndizo zilizowaelemea zaidi wanawake. Kazi hiyo haionekani, na haina saa ya kufunga ofisi. Kwa hiyo wewe alfajiri ulikaa kimya, lakini kichwa hakikukaa. Kilikuwa kinahesabu soksi.

Nililea watoto wanne. Kwa miaka mingi nilimwandikia mume wangu orodha ya kila kitu, nikidhani nimemgawia kazi. Nilichelewa sana kuelewa kwamba kuandika orodha ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo maana neno "nisaidie" silitaki mdomoni mwako juu ya jambo hili. Anayesaidia husubiri kuelekezwa, na kuelekeza kunakurudisha pale pale.

Mkalishe mwenzako siku isiyo na haraka, watoto wakiwa wamelala. Usianze na lawama, maana mwanamume anayecheka mpaka anakaa sakafuni si adui yako. Mwambie hivi: "Baba Fulani, mambo ya mavazi ya shule kuanzia leo ni yako yote. Kununua, kufua, kujua nani amepungukiwa. Mimi sitauliza na sitakumbusha." Umpe jambo moja zima, kuanzia kuliona mpaka kulimaliza. Likishazoeleka, ongezeni la pili.

Halafu ufanye lililo gumu: unyamaze kweli. Wiki ya kwanza mtoto ataenda shule na soksi ya bluu mguu mmoja na ya kijivu mguu wa pili. Mwache aende, atarudi salama. Ukiingia kati siku hiyo ukamrekebisha baba yake, kazi itakurudia kabla ya jioni, naye atakuwa amejifunza kwamba akikosea mara moja inatosha kuachiwa. Najua itakuwasha. Vumilia, mwanangu, kwa sababu humo ndimo kimya chako kilimo, si bafuni.

Saa kumi na nusu uiache, ulale. Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi, na mama wa watoto watatu anayelala usiku wa manane hazipati akiamka alfajiri kuitafuta furaha. Ukitaka nusu saa yako, ichukue jioni, baba yao akiwa nao, na utoke nje ya mlango wa nyumba. Tembea. Wala usiiite muda wa furaha, usije ukaanza kuidai.

Jambo moja nakuomba ulijibu mwenyewe kwa ukweli. Kama hizo nne ni za uchovu, haya niliyosema yatakupunguzia. Lakini kama wiki mbili au zaidi zinapita huonji ladha ya chochote, kicheko hakiji hata nywele zikikatwa upande, usingizi umekukimbia na kila kukicha unajiona huna thamani, hiyo si kazi ya daftari wala ya shangazi. Nenda ukamwone daktari, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Kicheko cha wiki iliyopita kinanipa moyo kwamba hujafika huko, ila mimi sikuoni, unajiona wewe.

Na daftari mpe yule mchora majoka. Kurasa zimebaki nyingi, naye hatajipa alama. Ile namba ya fundi inakili kwanza.

Picha ya darasa ikitoka, nataka kujua mmeitundika wapi.

Shangazi