ITS imenipa asilimia 99: je, nimeshaijua spishi ya kuvu wangu?

Mkuu, umesema umesoma mfuatano wa ITS wa uyoga wako (kipande cha DNA kinachotumika kutambua kuvu), ukaupitisha BLAST, programu ya kuulinganisha na mifuatano ya kanzidata, likaja jina lenye mfanano wa asilimia 99, na sasa unauliza kama uliandike kwenye lebo. Usiliandike bado. Asilimia hiyo inakuonyesha jirani wa karibu miongoni mwa waliomo kwenye kanzidata. Mpaka wa spishi haikuonyeshi.

Wataalamu wa kuvu huutafuta mpaka huo kwa njia tatu. Kongwe ni umbo. Ya pili ni kujamiiana: unakuza miselia mbili, yaani nyuzinyuzi za kuvu, kila moja kutoka spora moja, unazipanda jirani kwenye sahani moja ya agari na kusubiri. Kwa uyoga wa jenasi Armillaria, miselia changa ni nyeupe na ina manyoya. Zikipandana, manyoya hulala na rangi hugeuka kahawia. Kwa jaribio la namna hii Korhonen alionyesha mwaka 1978 kwamba uyoga ulioitwa Armillaria mellea barani Ulaya ulikuwa spishi tano. Tatizo ni kwamba kuvu wengi hawakubali kujamiiana maabara, na wengine hupandana kwenye sahani ilhali porini wametengana siku nyingi.

Ya tatu, inayotegemewa zaidi leo, ni ulinganifu wa nasaba za jeni, iliyopendekezwa na Taylor na wenzake mwaka 2000. Chora mti wa nasaba wa kila jeni peke yake. Ndani ya spishi moja jeni huchanganywa kila kizazi, kwa hiyo miti hugongana: huu unamweka A karibu na B, ule karibu na C. Kati ya spishi mbili hakuna tena kuchanganyana, na miti yote hukubaliana. Pale ugomvi unapokoma na makubaliano kuanza, ndipo penye mpaka. Kwa ushahidi wa aina hiyo kuvu Coccidioides posadasii ilitenganishwa na C. immitis mwaka 2002, ingawa kwa macho hutaona tofauti.

Turudi kwenye ITS. Ilipendekezwa rasmi kuwa msimbopau wa kuvu mwaka 2012, na inastahili: praima ITS1F na ITS4, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, hufanya kazi kwa kuvu wengi na kipande chake, cha herufi za DNA kama 500 hadi 700, kinasomeka kwa mkupuo mmoja. Lakini kwenye Fusarium na Trichoderma spishi tofauti zinaweza kuwa na ITS ileile. Huko unahitaji jeni nyingine, TEF1 na RPB2. Kwa Aspergillus jeni ya kalmodulini, kwa Penicillium ya beta-tubulini. Ile kanuni wengi wanayoikariri, kwamba mfanano wa asilimia 97 ni spishi moja, ni ya kugawia mafungu tu, maana kila jenasi ina kasi yake ya kubadilika.

Kabla ya kuliamini jina la BLAST, angalia mfanano umefunika sehemu gani. Katikati ya ITS kuna 5.8S, herufi kama 160 ambazo hazibadiliki sana. Asilimia 99 iliyoangukia hapo peke yake ni hewa. Kisha uliza mfuatano ule ulitoka kwa nani: kwenye sampuli tipo, yaani ile inayobeba jina kisheria, au kwa mtu aliyebahatisha jina naye akapakia? Makosa ya namna hii hurithishwa kutoka faili hadi faili.

Fungua pia grafu ya usomaji wenyewe. Kuvu hubeba nakala nyingi za ITS, na zikitofautiana hata kwa herufi moja iliyoongezeka, utaona vilele safi, halafu ghafla kilele juu ya kilele hadi mwisho. Watu wengi hulitupa faili hilo wakidhani ni uchafu. Soma upande wa pili kwa praima nyingine. Mara nyingi fujo huanzia mahali palepale, na nusu mbili safi zinaungana. PCR, yaani kunakili DNA maabara, ikigoma kabisa, punguza DNA mara kumi kwa maji kwanza. Kemikali za uyoga wenyewe huzuia kimeng'enya kinachonakili.

Umbo nalo usiliruke. Rangi, harufu na mabadiliko ya nyama ikikatwa yaandike ukiwa mbichi, halafu kausha kwa nyuzi 40 hivi. Usitie formalini, itaharibu DNA. Pima spora 30 kutoka kwenye vumbi lililodondoka, kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, bila kuhesabu kile kinundu cha chini ambacho spora ilishikia. Ukizikwangua kwenye lamela, yaani vijani vya chini ya kofia, utapima na zisizokomaa, na wastani utashuka. Andika urefu, upana, na urefu ukigawanywa kwa upana. Kama umelainisha tishu kwa KOH ya asilimia 3 hadi 5, isuuze kabla ya kutia kitendanishi cha Melzer, chenye iodini, ambacho hugeuza spora za baadhi ya kuvu kuwa bluu-nyeusi. Vikikutana hutoa ukungu mweupe, na rangi hiyo unayoitafuta haitaonekana.

Jina lenyewe ni habari ya sheria. Tangu 2013 jina jipya halikubaliki bila namba ya usajili, na tipo huwa sampuli iliyohifadhiwa. Mfuatano mtupu wa DNA hautoshi. Majina nayo huhama: kuvu maarufu wa Fleming, aliyegundua penisilini, aliitwa Penicillium notatum, kisha P. chrysogenum, na mwaka 2011 ikaonyeshwa kuwa ni P. rubens.

Kwa huo wako, tafuta angalau mkusanyo mmoja zaidi kutoka sehemu nyingine, soma RPB2 ya yote miwili, na uilinganishe na mfuatano wa tipo kama upo. Kwa sasa weka "cf.", yaani "linganisha na", kati ya jina la jenasi na la spishi, na usitupe kipande kilichobaki.