Kabla Hujabadilisha Kapasita Zote za TV ya Chogo

TV iliyonifundisha kazi hii ilikuwa ya babu yangu: ya transista, isiyo ya rangi, kabati la mbao na vifundo viwili vya kutafutia stesheni. Ilikuwa imekaa stoo miaka mingi. Nilipoiwasha sauti ilitoka safi kabisa, ila kwenye kioo ukatokea mstari mmoja mweupe, mwembamba, umelala katikati toka ukingo hadi ukingo. Basi, hakuna kingine.

Nilikuwa nimeshasikia kwamba kapasita, vile vijikopo vya kutunza chaji kwenye bodi, zikiwa za zamani hukauka, nikaona dawa ni kuzibadilisha zote. Usiku mmoja niling'oa na kupachika zaidi ya 20. Nikawasha. Mstari uko palepale, na sauti iliyokuwa nzuri imegeuka mngurumo mtupu. Sasa nina hitilafu mbili, na ya pili nimeitengeneza mimi. Siku tatu zikapita kabla sijaiona kapasita moja ya upande wa sauti niliyoipachika kinyume, hasi kwenye chanya, imeshaanza kuvimba kichwani.

Kwa hiyo ninayekushauri ni mtu aliyelipia somo hili: soma kioo kwanza, ndipo ushike pasi ya kulehemu.

Chukua huo mstari. Miale ya elektroni ilikuwa inatembea kushoto kwenda kulia, ila haishuki chini. Kioo kinawaka, maana yake umeme mkubwa upo. Na umeme huo huzalishwa na flaibaki, yaani transfoma ya umeme mkubwa, ambayo inaendeshwa na sehemu ileile inayosukuma miale kwa mlalo. Yaani kwa kuangalia tu, bila kugusa kitu, zaidi ya nusu ya TV ile ilikuwa nzima. Kilichobaki ni sehemu ya wima peke yake: saketi inayotoa mpigo wake, transista zake za mwisho, na koili zilizovaa shingo ya kioo. Ukikutana na mstari huo, punguza mwangaza mara moja. Nguvu yote ya miale imekusanyika sehemu moja, na ukiiacha hivyo itaunguza unga unaong'aa nyuma ya kioo. Alama hiyo haitoki tena.

Dalili nyingine nazo zina lugha yake. Picha ikipinda kingo kama nyoka huku sauti inanguruma, anzia kwenye kapasita kubwa za kuchuja umeme. Picha ikiwa fupi, au imejikunja chini, rudi sehemu ya wima. Sauti ipo na kioo ni giza totoro, chungulia shingoni uone kama kile kiwaya kidogo kinawaka rangi ya chungwa. Kama kinawaka, kwenye TV nyingi za zamani mtuhumiwa wa kwanza ni sehemu ya mlalo na flaibaki yake. Chenga zikijaa kioo kizima, furahi, kwa sababu TV yako inafanya kazi karibu yote na inachokosa ni mawimbi tu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna mahali ambapo kosa moja linatosha. Kioo cha chogo hutunza umeme kama kapasita, hata siku kadhaa baada ya kuchomolewa. TV isiyo ya rangi huwa na volti 10,000 na zaidi. Za rangi hupita 20,000. Chomoa plagi. Funga waya kwenye chuma cha bisibisi yenye mpini mzuri wa plastiki, ncha ya pili ibane kwenye ule waya mtupu unaokumbatia mgongo wa kioo. Mkono mmoja weka nyuma yako. Ingiza bisibisi taratibu chini ya kifuniko cha mpira, pale waya mnene wa flaibaki unapoingia kwenye kioo, hadi iguse chuma. Mara nyingi utasikia mlio mkali. Subiri dakika 10, rudia, maana chaji hujirudisha. Kapasita kubwa za umeme nazo zitoe chaji kwa rezista, kisha hakikisha kwa mita. Na ujue kwamba TV nyingi za zamani chasisi yake imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kama huna transfoma ya kutenganisha TV na umeme huo, usiifungue ikiwa inawaka.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza usiichomeke moja kwa moja. Iunganishe kupitia balbu ya kizamani ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na TV, umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye TV. Balbu ikimulika ghafla kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti ndani, na balbu imekuokolea flaibaki ambayo pengine usingepata nyingine. TV za rangi zina koili ya kuondoa sumaku kwenye kioo, nayo hula umeme mwingi mwanzoni. Ichomoe wakati wa jaribio hili.

Nirudi kwa TV ya babu. Niligeuza bodi, nikawasha taa ya pembeni, nikapitisha lenzi kwenye sehemu ya wima, mguu mmoja baada ya mwingine. Kwenye mguu wa transista ya mwisho, ile inayopata moto, lehemu ilikuwa na mpasuko wa duara, mwembamba kama unywele, umeuzunguka mguu wote. Kwa macho matupu ilionekana imeshika. Nilipoisukuma kwa kijiti cha mbao ikacheza. Miaka ya kupata moto na kupoa ilikuwa imeikata. Nilinyonya lehemu ya zamani, nikaweka mpya, nikawasha. Mstari ukafunguka juu na chini, chenga zikajaa kioo chote.

Kapasita zilizochoka zipo, tena nyingi, hasa zile za karatasi na nta kwenye TV za valvu, zile zilizotumia taa za kioo kabla ya transista. Hizo mimi hubadilisha bila kuuliza. Lakini badilisha moja, washa, angalia, andika kwenye daftari, ndipo uende kwenye inayofuata. Piga picha bodi kabla hujang'oa chochote.

Ukimaliza, rudisha mfuniko wa nyuma na uiache iwake saa mbili ukiwa karibu. Mipasuko mingine hujitokeza TV ikishapata joto lake la kawaida, na bila mfuniko haifiki joto hilo.