Vidole vimepondwa na mashine: wakili yupi anafaa?

Pole sana, ndugu. Mashine imekuponda vidole viwili, mwajiri amelipa hospitali, na sasa anakuletea karatasi ya makubaliano utie saini. Usisaini bado. Karatasi za namna hiyo mara nyingi huwa na kifungu cha kuachilia madai yote ya baadaye, na kidonda chako hakijapona kiasi cha daktari kupima ulemavu wa kudumu.

Tafuta wakili anayeshughulikia kesi za wafanyakazi kila siku, si yule aliyemwandikia mjomba hati ya shamba. Anzia chama chako cha wafanyakazi. Kama huna uwezo, ulizia msaada wa kisheria. Hakikisha jina la wakili huyo limo kwenye orodha ya mawakili wenye leseni hai, na kwamba yeye si wakili wa mwajiri wako.

Nenda na hati za mshahara (fidia kwa kawaida hukokotolewa kutokana na kipato, kwa hiyo ovataimu isisahaulike), ripoti ya daktari, nakala ya taarifa ya ajali, picha za mashine na majina ya walioshuhudia.

Muulize: madai yana ukomo wa muda gani? Je, nidai fidia ya kisheria tu (ile ambayo sheria humpa mfanyakazi aliyeumia kazini), au pia nimshtaki mwajiri kwa uzembe? Ada ni asilimia ngapi, na tukishindwa, gharama za mahakama na daktari analipa nani? Majibu ya ada yawe kwa maandishi.

Anayekuhakikishia ushindi siku ya kwanza, mwache. Na usichelewe: muda ukipita, hata dai zuri hutupwa.