Kumngoja Mungu: majibu kwa maswali yenu

Mimi na mume wangu tumeomba mtoto miaka tisa. Kanisani kuna wanaosema imani yangu ni ndogo. Je, ni kweli?

Dada yangu, waliokwambia hivyo wamekutwisha mzigo usio wako. Fungua Luka sura ya 1. Zakaria na Elisabeti wanatajwa kuwa wenye haki mbele za Mungu, wanaenenda bila lawama, na mstari unaofuata unasema hawakuwa na mtoto. Luka ameyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, asimlaumu yeyote.

Msome na Hana katika 1 Samweli 1, naye hakuwa na mtoto. Mke mwenzake alimchokoza mwaka hadi mwaka, hata akawa analia na kukataa chakula. Siku ile hekaluni midomo yake ilicheza lakini sauti haikusikika, na kuhani Eli akadhani amelewa. Yaani hata mtumishi wa Mungu alimwelewa vibaya! Hana hakunyamaza, alijieleza kwa heshima: ni mwanamke mwenye huzuni anayemimina roho yake mbele za Bwana. Kisha akaenda zake, akala, na uso wake haukukunjamana tena. Wakati huo mimba ilikuwa bado. Alichokuwa amepata ni kwamba mzigo ameshautua kwa Mungu.

Siwezi kukuahidi mtoto, maana Biblia hainipi ruhusa hiyo. Ninachokuambia ni kwamba kuchelewa kwa jibu si cheti cha imani haba. Na kama hamjamwona daktari, nendeni, ninyi wawili pamoja, si wewe peke yako. Hilo nalo lifanyeni mkiomba.

Nikirudia ombi lile lile kila siku, si ni kukosa imani?

Hapana. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara ya tatu akisema maneno yale yale (Mathayo 26:44). Alichokataza ni kupayuka-payuka, kudhani wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie.

Mtumishi mmoja aliniambia nitoe sadaka maalumu ili jibu langu liharakishwe. Nitoe?

Usitoe. Simoni wa Samaria alitaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, na Petro alimkemea bila kumumunya maneno (Matendo 8). Sadaka ni shukrani na ibada. Anayekuuzia foleni fupi mbele za Mungu anakuuzia kitu asicho nacho.

Natafuta kazi muda mrefu. Wazazi wananiambia nitulie nimngoje Bwana. Je, kutuma barua na kuzunguka maofisini ni kumtangulia Mungu?

Mdogo wangu, mtazame Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Alipata habari za kubomoka kwa ukuta wa Yerusalemu mwezi wa Kislevu, akalia, akafunga, akaomba. Nafasi ya kusema na mfalme ilikuja Nisani, karibu miezi minne baadaye. Mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba kimoyomoyo papo hapo, kisha akataja muda atakaokaa huko, barua za kupita kwa maliwali, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ampe miti ya malango. Alijua mpaka nani anatunza msitu! Mtu hatoi majibu hayo kwa kubahatisha. Ni wazi kwamba miezi ile ya maombi ilikuwa pia miezi ya kupiga hesabu.

Kwa hiyo tuma barua, jifunze ujuzi, uliza watu. Waheshimu wazazi wako na uwasomee Nehemia 2.

Mama yangu anaumwa muda mrefu, hapati nafuu. Nina hasira na Mungu, siwezi hata kuomba. Nifanye nini?

Pole sana. Mwambie Mungu hivyo hivyo ulivyoniandikia. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, haina hata neno la sifa mwishoni, na bado imo katika kitabu cha sala. Nadhani tunakosea sana tunapowafundisha watu kumfichia Mungu uchungu wao, kana kwamba hauoni.

Na kama maneno yamekauka, waache wengine waombe. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, na maandiko yanasema Yesu aliiona imani *yao*. Chagua mtu mmoja unayemwamini, asiyependa kuhubiri kila akifungua kinywa. Mpigie leo, umwambie: sina nguvu ya kuomba, niombee wewe.